Jina Langu Kinywani mwa Bata Bukini

Jumatatu, 5 Machi 1934, Hollywood
Filamu yetu mpya ya katuni imetoka. Katika orodha ya majina mwanzoni, la mpiga tarumbeta limo. La mchora mawingu limo. Langu halimo! Na yule bata bukini anayewavunja watu mbavu ni koo langu hili. Kule Budapest jina langu, Jenő Halmos, lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa maigizo kwa herufi kubwa kama ndama. Dada yangu aliyebaki huko anaamini naosha vyombo. Clement Purdy, anayemtilia mbweha sauti, amenipa pole: eti, Mzee, bata hana jina, ana mchuzi tu.

Jumanne, 6 Machi
Nimepata! Studio hurekodi sauti kwanza, kisha wachoraji huchora midomo kuifuata, neno kwa neno. Hawabishani na sauti. Bata akitaja jina langu, watachora. Mke wangu Ilka kasema ninywe supu ninyamaze. Ilka hajawahi kuona mbali.

Ijumaa, 9 Machi
Tumerekodi, sote mbele ya kipaza sauti kimoja, okestra nyuma yetu. Mbweha akamkaba bata. Nilitakiwa kulia kwaa tu. Nikalia: niache wee, hujui mimi ni Halmos? Purdy akanikanyaga mguu. Lakini kuanza upya na okestra nzima? Nani athubutu! Mwongozaji, Bwana Thaxter, akacheka hadi akavua miwani. Ushindi!

Jumatano, 2 Mei
Filamu tuliyorekodi Machi imeonyeshwa. Ukumbi pomoni. Midomo imechorwa, raha tupu! Watu wakaitikia: Halmos! Halmos! Nikasimama, nikainama kwa adabu. Mama mmoja nyuma akafoka: wewe babu, hebu keti, unatuzibia Halmos.

Alhamisi, 3 Mei
Bwana Thaxter kaniita, meno yote nje. Bata sasa anaitwa Halmos, rasmi, na jina ni mali ya studio. Kaniomba, kwa heshima zote, nijitafutie jina jingine la kazi, watu wasichanganyikiwe. Purdy kaniita Mzee Fulani mbele ya okestra. Na filamu inapelekwa Budapest! Dada yangu ataliona jina la baba yetu limeota manyoya.

Ijumaa, 4 Mei
Nimelala vizuri. Kosa lilikuwa dogo: nilitaja jina peke yake. Watu wangejuaje mwenyewe ni nani? Jumatatu tunarekodi tena. Bata ataimba jina, mtaa na namba ya mlango. Studio haiwezi kuchukua na nyumba.