Majarida Yamekatwa kwa Mkasi Gani?

Spika alikunja gazeti, akakohoa kile kikohozi chake cha kutangaza. Huyu ni mlinzi mstaafu wa chuo kikuu, na hapa benchini kwa Fundi Kisigino, ng'ambo ya geti la chuo, habari haipiti mpaka yeye aigonge muhuri.

"Sikilizeni. Maktaba ya chuo imekata majarida. Bei zimepaa, chuo kimenyoosha mikono."

"Imekata?" Mama Karanga akadakia, mkono ungali ndani ya beseni la karanga. "Na hivyo vipande wanavitupa wapi? Karatasi za kufungia zinaniishia mwenzenu."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mimi ni kinyozi, nilikuwa nimetoroka dukani mara moja tu, lakini hapo nikakaa kabisa.

"Mama, siyo kukata kwa mkasi," Spika alisema. "Ni kukata kama umeme. Hulipi, huna."

"Basi aliyekatwa ni chuo!"

"Na hayo majarida yana nini?" aliuliza Kisigino, misumari ya viatu mdomoni. "Mitindo ya nywele?"

"Ya kitaaluma, wewe. Hayana picha hata moja."

"Hayana picha, na bado yanaishinda serikali kununua? Huyo muuzaji nikutanishe naye."

Ndipo tukamwona Mtarajiwa anavuka barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu udaktari wake wa vitabu anautarajia tangu Spika ana nywele. Alikaa kwenye ncha ya benchi bila hata salamu.

"Shikamoo yangu umeiacha maktaba?" Mama Karanga akamwuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini tena, baba?"

"Makala yangu, mama. Ile moja tu niliyowahi kuchapishiwa. Kesho nina usaili wa kazi ya kufundisha, wamesema bila nakala nisijisumbue kuja. Kompyuta yangu iliibwa na kila kitu. Naenda maktaba, naambiwa jarida limekatwa."

Roho iliniuma kidogo. Kijana ameisubiri kazi hiyo mpaka mchumba wake amechoka kuulizwa na ndugu zake.

"Si uwaombe wenye jarida?" nikasema. "Mwandishi ni wewe."

"Nimewaandikia. Wamenijibu kwa adabu kweli: bonyeza hapa, ulipe."

Misumari ilimtoka Kisigino. "Ngoja, ngoja. Walikulipa kuandika?"

"Hapana."

"Aliyekagua makosa?"

"Profesa mmoja wa hapa chuoni. Naye bure."

"Halafu chuo hichohicho ndicho kinachonunua?"

"Ndiyo. Yaani, kilikuwa kinanunua."

"Toba! Kwa hiyo mteja aniletee ngozi, ashone mwenyewe, apige rangi mwenyewe, halafu mimi nimuuzie kiatu chake? Miaka yote nagonga soli, kumbe biashara nimeikalia!"

"Malipo yetu ni jina, fundi."

"Jina hata mimi ninalo. Dukani hawalipokei."

"Wasomi wenyewe ndio mmewaharibu," Spika akaamua. "Kila siku jarida kubwa, jarida kubwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Hawa maji hawajatia," alisema Kisigino. "Wametia bei. Hiyo makala yenyewe inahusu nini?"

Mtarajiwa akatazama viatu vyake. "Jinsi watu wanavyojadili habari vijiweni."

"Kijiwe kipi?"

"Hiki."

Hapo hata Mama Karanga aliacha kufunga.

"Ndiyo maana ule mwezi uliposhinda hapa na daftari ulikuwa unacheka hata vichekesho vya Spika!" nikasema.

Mama Karanga akazamisha mkono beseni, akatoa kifuko kimoja, akakisogeza mbali na macho, akasoma: "'Mhojiwa wa pili, fundi viatu, ana mazoea ya kutia chumvi.' Ni hii? Si uliniletea mwenyewe ulipohama chumba, rundo zima, ukasema takataka?"

Mtarajiwa aliruka kama aliyekalia msumari wa Kisigino. Akafukua beseni. Ni yenyewe! Lakini kila kifuko ni nusu ukurasa.

"Mama, umeikata!"

"Kwa mkasi. Nilidhani na maktaba ndivyo wanavyofanya."

"Mama yangu mpenzi, nipe karatasi tu. Karanga baki nazo."

Mama Karanga akalivuta beseni taratibu mpaka mapajani. "Karanga bei ni ileile, mwanangu. Kusoma ndiko kumepanda."

"Lakini nimeandika mimi!"

"Sikatai. Na maneno tulisema sisi, bure. Mimi nimeyafunga." Akamnyooshea kiganja. "Bonyeza hapa."

Mtarajiwa akacheka, wa kwanza kucheka kati yetu, akajikung'uta mifuko. Hela zilipopungua tukamchangia, akanunua beseni zima. Tulitafuna mpaka taya zikauma. Kila kifuko kikiisha, karatasi inakwenda kwa Kisigino, anaunga kwa gundi ya viatu. Yake ile ya chumvi aliiunga kichwa chini, akasema ni bahati mbaya.

Kikabaki kipande kimoja, cha hitimisho. Alikuwa nacho Spika, anakisoma huku midomo inatembea.

"Mzee wangu, nipe hicho tumalize," Mtarajiwa akamwomba.

"Subiri. 'Mhojiwa wa kwanza, mlinzi mstaafu, hutangaza kwa uhakika mkubwa habari asizozielewa.'" Spika akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Kisha akainuka, akachukua gazeti lake.

"Kesho waambie hitimisho limekatwa."