Mstari Mwekundu wa Mpui

Wakuu, leo nimeadhirika. Siyo kidogo. Nimeadhirika mbele ya bosi, mbele ya wafugaji kumi na wawili, na mbele ya mzee mmoja ambaye Rukwa nzima ndiye mtu pekee nisiyetaka anione nikiadhirika. Naandika harakaharaka nikiwa intaneti kafe ya mjini, kwa hiyo nisameheni makosa ya kuandika.

Kwa wasionijua: naitwa Deusi, nakaa Chanji, hapahapa Sumbawanga mjini, kazi yangu ni chanjo za mifugo. Natembea na pikipiki ya ofisi, nashuka bondeni kwa wafugaji, Mtowisa na mbele ya Mtowisa, kwenye njia ambazo ukizipita masika, kiangazi huzitambui. Wasukuma wakihamisha ng'ombe, njia nazo zinahama. Mwezi uliopita mwenzangu Kashinje alipotea na boksi la chanjo mpaka barafu yote ikayeyuka. (Yeye mwenyewe Msukuma, kakulia kwenye ng'ombe, kwa hiyo tulimcheka mara mbili.) Ndipo bosi wetu, Mama Oliva, akasema sasa basi, tutanunua GPS, kile kifaa kinachowasiliana na setilaiti na kukuonyesha uko wapi.

Zamani tungeandika barua wizarani na kungoja mpaka tuzeeke. Siku hizi biashara huria, muuzaji anakufuata mwenyewe. Jamaa akapanda basi kutoka Mbeya na begi lake, akatuachia vifaa viwili vya kujaribu. Kimoja kina kioo kikubwa cha rangi, kizuri mpaka unaogopa kukishika. Cha pili kijivu, kinene, kama kipande cha sabuni ya mche. Kashinje akawahi cha rangi. Mimi nikabaki na sabuni. Amri ya Mama Oliva: Jumatatu mpaka Jumatano mjaribu, Alhamisi mje mseme ofisi inunue kipi.

Sasa kuna jambo la pembeni ambalo lazima mlijue. Mpui, kwenye barabara ya Tunduma, kuna mwalimu anaitwa Theresia. Nampenda. Haya, nimeandika. Tunaelewana mwaka wa pili huu, na wiki mbili zilizopita aliniambia taratibu, huku anasahihisha madaftari:

"Deusi, nimechoka kuonana na wewe stendi kama tunauziana magendo. Baba hapendi vijana wa kuzungukazunguka. Tuma mshenga. Kama huwezi kabla ulezi haujavunwa, niambie tu, nisiendelee kukungoja."

Hakukasirika hata kidogo. Angekasirika ningepata nafuu! Alisema tu, akageuza ukurasa, akaendelea kuweka vema na kosa.

Baba yake ni Mzee Alfonsi. Ng'ombe thelathini, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, sauti ndogo. Mimi mzee anayefoka simwogopi, najua ataishiwa pumzi. Mzee wa sauti ndogo ndiye ananimaliza. Kila nikipanga kumtuma mjomba wangu aende Mpui, napata kisingizio, naahirisha.

Haya. Leo.

Saa tatu asubuhi nimeingia ofisini nimechomekea shati, viatu vinang'aa. Mama Oliva kaazima projekta parokiani, na shuka jeupe limepigiliwa ukutani. Kumbe kawaita na wawakilishi wa wafugaji, waje watuonyeshe yalipo majosho yao ya kuogeshea ng'ombe. Mimi sikuambiwa! Naingia, natoa shikamooni ya jumla, macho yanafika benchi la mbele. Mzee Alfonsi. Koti jeusi, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ile pikipiki nyekundu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ahaa."

Nikaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kashinje ndiye aliyeanza, na kusema kweli alikuwa muungwana, hakuficha kitu. "Kioo chake kizuri, ila juani huoni ramani, unaona pua yako. Kwenye kona ya tatu ya kushuka bondeni kikazima. Nikarudi, nikakichaji, kesho yake kikazima palepale. Nadhani kinaogopa mteremko." Watu wakacheka, akaketi.

Zamu yangu. (Hapa ndipo majivuno yalipoanza kunichimbia shimo.) Nikasimama katikati, nikakiinua juu kile cha kijivu.

"Ndugu zangu, hiki nimekifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Kimechomoka nikiwa kwenye mwendo, kimebiringika kwenye mawe, nimekipangusa na kinajua kilipo. Nimevuka nacho mto, kimelowa, hakijali. Vitufe unabonyeza hata ukiwa na glavu. Na kinatumia betri ndogo za tochi, ambazo hata Mtowisa madukani zipo."

Wafugaji wakatikisa vichwa kukubali. Na Mzee Alfonsi naye akatikisa kichwa! Nimemwona kwa macho yangu. Moyo ukajaa. Nikasema kimoyomoyo, Deusi, umekubalika, kaa chini sasa.

Sikukaa. Nikaongeza: "Na nimekijaribu kwa nidhamu. Jumatatu na Jumanne nilizunguka hapahapa Chanji kukizoea. Jana ndiyo nikashuka Mtowisa na kurudi."

Nani aliniuliza habari za Jumatatu? Hakuna. Hakuna mtu aliyeniuliza!

Dada Rehema, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa ameshachomeka waya kwenye kifaa. "Kaka Deusi, ngoja niwaonyeshe raha yake. Hiki kinachora njia yote uliyopita."

"Ukibonyeza," nikamwambia.

"Hapana, chenyewe. Tangu ulipokiwasha."

"Yote?"

"Yote, kaka. Hatua kwa hatua."

Wakuu, mimi nilidhani kinaweka alama pale tu unapobonyeza. Nilikaa nacho siku tatu nikidhani hivyo. Jasho likaanzia shingoni likashuka kwenye mgongo, na Sumbawanga mnajua baridi yake.

Mstari mwekundu ukatokea kwenye shuka. Tawi moja linashuka bondeni mpaka Mtowisa, safi, watu wakasema aaah. Tawi la pili linatoka mjini, linakwenda upande mwingine kabisa.

"Deusi," akasema Mama Oliva, "Chanji imehamia barabara ya Tunduma?"

Kashinje aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Rehema, bila ubaya wowote, akaikuza picha. Mstari ukafika Mpui, na ulipofika hapo haukuwa tena mstari. Ulikuwa fundo. Unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, mahali palepale.

"Hapa ulikuwa unajaribu nini?" Rehema akauliza.

"Kona."

"Mbona hapana kona? Pamenyooka kabisa."

Mzee Alfonsi akasimama. Akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa koti, akaivaa, akaenda mpaka kwenye shuka. Akaanza kugusa kwa ncha ya fimbo, taratibu, kama anaonyesha mipaka ya shamba.

"Hili ni josho letu. Hii ni shule. Hapa pana mfereji, ndiyo maana amekwepa." Fimbo ikafika kwenye fundo, ikaanza kufuata mstari mmoja mmoja. "Moja. Mbili. Tatu..."

Nilisali. Niliomba umeme ukatike. (Siku zote unakatika! Leo tu ndiyo umetulia!)

"...Sita. Saba." Akasogeza uso karibu zaidi. "Na hapa katikati kuna kijumba kidogo na maandishi. Yamefifia. Binti, pameandikwa nini?"

Rehema akasoma kwa sauti, herufi zote zikasikika mpaka uani: "Pameandikwa NYUMBANI."

Ndiyo. Niliandika mimi. Jumatatu alasiri nilisimama kidogo mbele ya uzio wao, Theresia alikuwa anaanika nguo, hakugeuka. Nikataka kujaribu kitufe cha kuweka alama. Kifaa kikauliza jina la mahali. Herufi unazitafuta moja moja, inachukua muda, kwa hiyo siwezi kusema nilikosea. Sikufanya mzaha pia. Nilimwangalia anavyobana shuka kwa kibanio, anatoa kingine mdomoni, na hilo ndilo jina lililokuja.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza Mzee Alfonsi. Sauti ileile ndogo.

Mtu mwenye akili angepata uongo wa kusema. Mimi wangu wote ulikuwa umeisha. Nikajisikia nasema: "Kwako, mzee. Ila mimi nikifika pale ndipo naona nimefika."

Kashinje akasema, "Yesu." Mfugaji mmoja nyuma akapiga mluzi. Mama Oliva akaweka karatasi zake mezani na kunitazama kama ananiona leo kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na moyoni najua nimempoteza Theresia kwa mdomo wangu mwenyewe. Alisema baba hapendi wa kuzungukazunguka, na mimi nimezunguka mara saba, imechorwa kwa rangi nyekundu, na mashahidi wapo kumi na wawili.

Mzee akavua miwani. Akaikunja.

"Hii pikipiki nimeisikia siku zote mbili," akasema. "Mama Theresia akasema ni mnunuzi wa ng'ombe anaogopa bei. Nikamwambia hapana, mnunuzi angesimama. Mara saba, kijana! Mara saba unapita mlangoni kwangu, hata hodi hupigi?"

"Naomba radhi, mzee. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, mzee."

Akaiweka miwani mfukoni. Halafu akasema, kwa masikitiko kabisa, kama mtu aliyekosewa adabu: "Chai ilikuwepo."

Wakuu, mimi mwanaume mzima, macho yalijaa machozi palepale mbele ya projekta ya parokia.

Mzee Alfonsi akarudi kwenye benchi lake, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti kama mwanzo. "Jumapili baada ya misa nitakuwepo. Utakayemtuma, aje. Na kama hapajui kwangu, mpe hiyo mashine. Inapajua vizuri sana."

Ofisi ililipuka! Wafugaji walipigana mabega, Rehema alikuwa anaomba msamaha huku anacheka, na Kashinje alikaa chini sakafuni kabisa kwa kucheka. Mama Oliva akagonga meza, akachukua kalamu, akasema, "Imethibitika kwamba cha kijivu hakikosei. Tunanunua hicho, vitatu. Tuendelee na majosho." Tukaendelea na majosho. Mimi sikumbuki josho hata moja.

Nilipotoka nimempigia mjomba kabla sijapata kisingizio kingine. Kakubali. Kauliza tu, "Ni yule mzee wa sauti ndogo?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akasema atavaa suti.

Nikadhani aibu imeishia hapo. Saa kumi na moja jioni, nimeshakaa hapa kwenye kompyuta, ujumbe ukaingia kwenye simu. Theresia. Ili apate mtandao lazima apande kichuguu kilicho nyuma ya shule, kwa hiyo alipanda kwa ajili yangu:

"Baba amefika, anacheka peke yake uani, mama anadhani anaumwa. Eti mara saba? Mimi nilihesabu tisa. Zile mbili za wiki iliyopita ulivaa kofia ukadhani sikujui. Mwambie mjomba wako asichelewe."

Basi ndiyo hivyo. Mnaotafuta kifaa cha njia za porini, chukueni cha kijivu. Ila mkifika kwa watu, zimeni pikipiki mpige hodi.