Kengele ya Kuboeka

Jumatatu, 5 Agosti

Wajukuu wamefika kutoka Jwaneng. Wame, miaka tisa. Atang, sita. Likizo ya wiki mbili. Binti yangu Gorata alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasema kwa upole kwamba watoto wakiboeka hapa Thamaga, Desemba watakwenda kwa bibi yao mwingine, Gaborone, mwenye televisheni kubwa kama kitanda. Nimeelewa. Tangu tumzike mke wangu MmaGorata mwezi Machi, nyumba hii ina mimi, kuku saba, na kijiko kimoja kinachochafuka. Desemba na kuku, hapana.

Lakini mimi si mtu wa kukaa. Nilipiga kengele ya shule ya msingi miaka thelathini na moja, na nilipostaafu walinipa kengele yenyewe. Nimechora ratiba. Robo saa kwa robo saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna ufa wa kupitishia kuboeka.

Jirani yangu RraThuso alichungulia juu ya ukuta, akanijulisha kwamba wajukuu zake wamenunuliwa trampolini ya kurukia. Nikasema hongera. Sikumaanisha.

Jumanne, 6 Agosti

Ratiba imeanza. Kengele. Kuhesabu kuku. Kengele. Kuzidisha kwa saba. Kengele. Kupanga vifungo vya MmaGorata kwa rangi. Vimejaa kopo zima la biskuti; hakutupa kifungo hata kimoja maishani mwake. Kengele. Kuvipanga upya kwa ukubwa. Kwenye kengele ya tisa kuku mweupe akameza kifungo cha koti nililooa nalo. Watoto wakaomba wamfuate huyo kuku hadi akitoe. Nikakataa. Haimo kwenye ratiba.

Nimekumbuka Gorata akiwa mdogo, analia kwamba hana la kufanya. Mama yake hakuacha hata kupepeta mtama. Akasema vizuri, mtoto akikosa la kufanya atalitengeneza. Siku zote nilidhani alisema vile kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Alhamisi, 8 Agosti

Kelele za furaha kutoka kwenye trampolini tangu asubuhi. Ilibidi nijibu. Nikaazima mkokoteni wa punda kwa mpwa wangu, niwazungushe watoto kijiji kizima huku nikiwaeleza historia yake.

Punda wale wanajua njia moja tu. Miaka sita wamechota maji. Wakatupeleka kisimani, wakasimama kungoja madumu yajae. Hatukuwa na madumu. Tukangoja saa tatu nzima! Niliwaeleza watoto historia ya kisima, ambayo ni fupi. Ndipo Atang akalisema lile neno: ameboeka. Nimelipiga marufuku.

Mwishowe mama mmoja akatuazima madumu mawili. Yalipojaa tu, punda wakaondoka wenyewe, mbio, hadi kwa mpwa wangu. Kiuno changu kilibaki njiani.

Jumamosi, 10 Agosti

Kiuno. Siku ya pili kitandani. Kengele iko juu ya kabati, siifikii.

Dirishani nawaona wamekaa kwenye ngazi, mikono mashavuni, wanatazama vumbi. Nikapaza sauti kwamba ni saa nne, vifungo. Wame akaja, akanifunika blanketi, akaniambia nipumzike. Akarudi kutazama vumbi. Saa nzima. Sijawahi kuiona Desemba ikiondoka waziwazi namna hii.

RraThuso amekuja kunipa pole. Alikaa muda mrefu kuliko kiuno kinavyohitaji. Trampolini haijambo, alisema.

Jioni uani kimya. Kisha sauti ya jembe. Nani amewapa jembe?

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeinuka. Fimbo mkono huu, kengele mkono ule. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mantlwane, mchezo wa baba na mama! Nyumba nzima ya mchezo imechorwa ardhini, kuta za udongo zenye kimo cha kidole: jiko, chumba, ua, zizi. Wajukuu wa RraThuso wote watatu wamo. Wao ndio ng'ombe. Kwenye trampolini amelala paka.

Nikaenda moja kwa moja jikoni.

"Babu, umepita ukutani," Wame alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kopo lililokuwa motoni. "Rudi upige hodi."

Nikarudi. Nikapiga hodi, nikaingia kwa mlango. Nikasema basi nitakuwa babu wa nyumba.

"Babu yupo."

Alikuwa Atang. Amebandika kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati, kama changu cha tangu Machi, na anapiga debe kwa kijiko, anatangaza kwamba ni saa nne, vifungo.

"Wewe ni RraThuso," Wame akaniambia. "Umekuja kujisifu."

Nikakaa juu ya kopo, nikajisifu kidogo. Atang hakuacha kupiga debe. Ndipo Wame, aliyekuwa amejifunga kichwani kitambaa cha bibi yake, akaweka mkono kiunoni, upande wa kulia, upande uleule.

"RraGorata, kaa chini. Umewachosha hata kuku."

Jina aliloniita MmaGorata, kwa sauti ileile. Hakuna aliyemfundisha.

Atang akakaa. Na mimi, niliyekuwa nimekaa tayari, nikatafuta mahali pa kukaa. Sikuuliza inakuwaje Babu amevaa kitambaa cha msiba na Bibi yuko jikoni. Katika nyumba ile yote mawili yanawezekana.

Ugali ulikuwa mbichi. Nimeumaliza.

Jumamosi, 17 Agosti

Gorata amekuja kuwachukua. Akawauliza likizo ilikuwaje.

"Tuliboeka sana, Mama," alisema Wame.

Nikatazama viatu vyangu.

"Ndipo tukajenga. Hatujaezeka. Tusipokuja Desemba mvua itabomoa, na ng'ombe watalala wapi?"

Gorata akaenda nyuma ya nyumba. Akapiga hodi bila kuambiwa. Alikaa peke yake jikoni mule kwa muda, juu ya kopo. Aliporudi, macho mekundu, alisema ni moshi. Moto ulizimwa jana. Akasema Desemba, basi.

Jumapili, 18 Agosti

Kimya. Kijiko kimoja. Asubuhi nimepeleka maji kwa kuku, nikapita mlangoni mwa nyumba ile, si ukutani. Kifungo cha koti kimepatikana. Nimekiosha mara tatu.

Nimetafakari sana, na sasa siri naijua. Watoto wanahitaji kuboeka! MmaGorata alikuwa na hoja. Kilichokosekana kwake ni mpangilio tu. Nimechora ratiba ya Desemba, kwa kalamu ya wino. RraThuso ameomba nakala. Nimemnyima.

Saa kumi na mbili: kuamka. Saa moja: uji. Saa mbili kamili: kuboeka, wote, pale kwenye ngazi. Kengele italia mara mbili. Saa mbili na robo: kutengeneza kitu. Atakayechelewa kuboeka ataanza upya.