Benchi Lililouzwa Sisi Tukiwa Juu Yake

Mtandao ndiye aliyeleta habari. Alikuwa ameifungua simu ya mteja tumbo wazi, simu yake mwenyewe ameiegemeza kwenye kopo la gundi, macho yakihama huku na huku. Akaweka bisibisi chini.

"Wanalizima gemu letu," akasema.

"Gemu gani?" akauliza Komandoo.

"Tuna magemu mangapi sisi? Benchi. Wameandika leo asubuhi. Ijumaa saa sita mchana wanazima mitambo, kwa heri ya kuonana."

Shangazi aliyekuwa ananimiminia kahawa akaishia nusu kikombe na hakumalizia mpaka leo.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la Mtandao, fundi simu. Mimi nashona viatu ubavuni mwake, wananiita Soli. Komandoo alikuwa mlinzi wa jengo linalotutazama, Shangazi anauza kahawa. Ghorofa ya pili ya jengo lile, ambako sasa wanauza magodoro, palikuwa na studio ya kutengeneza magemu ya simu. Mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mpole, anashuka kila siku kunywa kahawa nasi. Kumbe anatuchora. Akatoa gemu: mtu anaingia na shida yake, anakaa kwenye benchi, na watu wanne wanamshauri kwa zamu. Watu wanne wenyewe ni sisi, mpaka sauti. Watu wakalipenda kupita kiasi, na sisi tukabishana kila siku kwamba ushauri wa nani ndio unaomfanya mchezaji ashinde. Kisha kampuni shindani, ambayo gemu lake la mbio za magari halikuwa na mtu, ikaja ikainunua studio nzima.

Miaka sita sasa. Mwenye studio tulimpa jina la Bilionea siku ile ile. Bado yuko nasi, anakaa mwisho wa benchi, upande wa mguu uliolegea. Anachora mabango ya vinyozi, maana mkataba ulimkataza kutengeneza gemu la aina yoyote kwa miaka sita. Watoto wake wakishika karata, yeye anatoka nje.

"Mimi nilisema," Komandoo akaanza. "Mpinzani wako hamnunui jogoo wako ili asikie anavyowika. Anamnunua ili alale."

"Ulisema lini?" nikamuuliza. "Siku ile wewe ulikuwa unawapigia saluti mpaka dereva wao."

"Nilisema moyoni."

"Moyoni mwako mna maneno mazuri sana, mzee. Shida ni kwamba mdomo wako hauna habari nayo."

"Tatizo si kununua," Mtandao akasema. "Tatizo ni walivyolikarabati. Soli walimtoa, wakaweka mashine ya kung'arisha viatu."

"Mashine yenyewe ilikuwa inatabasamu," nikasema. "Mimi nilitabasamu lini?"

"Mimi wakaniwekea misuli," Komandoo akasema. "Mke wangu aliona, akaniuliza hiyo misuli huwa naiacha wapi nikirudi nyumbani."

"Na Mtandao wakampa digrii," nikasema.

"Hapo hawakukosea," Mtandao akasema.

"Hapo ndipo walipoliua. Ulianza kutoa ushauri wa maana. Nani anakwenda kijiweni kutafuta ushauri wa maana? Kwani maofisi yamefungwa?"

"Na mimi je?" Shangazi akauliza.

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Mimi, kwa bahati, nilikuwa na vya watu wengine pia.

"Mahali pangu waliweka binti wa miaka kumi na tisa," akasema, "kiuno kama shingo ya chupa, anauza juisi. Dada yangu alinipigia simu analia. Alidhani nimekufa, nafasi imejazwa."

Bilionea akakohoa. Mtu huyu akikohoa ujue kuna jambo, kwa sababu kwa kawaida hata kukohoa anaona ni kujisumbua. Akatoa bahasha kifuani.

"Nilikuwa nasubiri mtulie."

"Hapa?" Komandoo akasema. "Ungezeeka."

"Wameniandikia. Hawalitaki tena. Wako tayari kunirudishia bure, nilitengeneze upya, na katazo langu limekwisha mwezi uliopita. Sharti lao kubwa ni moja. Kila ambaye sura yake imo, asaini kwamba ameridhia. Watu wanne. Kabla ya Ijumaa."

"Leta kalamu," Komandoo akasema. Akasaini juu ya goti. Mtandao akasaini. Na mimi nikasaini, nikaacha alama ya gundi. Karatasi ikafika kwa Shangazi. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, akamaliza, na hakuipokea.

"Mwanangu," akamwambia Bilionea, "siku ile ya kuuza, mlisaini wapi?"

"Hapa hapa, Shangazi. Wakili wao alikuwa na haraka."

"Mashahidi walikuwa akina nani?"

Mimi nikaanza kutafuta sindano, nayo iko mkononi.

"Mimi na Soli," Komandoo akasema.

"Mlisoma?"

"Zilikuwa kurasa kumi na nne," nikasema.

"Sikuuliza ni ngapi."

"Hatukusoma. Wakili aliweka kidole pale pa kusaini. Kidole kilikuwa na pete, tukawa tunaangalia pete."

"Mimi nilisoma," Komandoo akajitetea. "Nilisoma tarehe."

"Ukurasa wa kumi na moja," Shangazi akasema, "niliosomewa na watu baadaye sana, ulisema wahusika wote, sura zao, sauti zao na misemo yao, ni mali ya mnunuzi. Nyinyi wawili mlishuhudia mkiuzwa wenyewe. Hata ng'ombe mnadani hatii saini."

Mtandao akataka kucheka, akaona afadhali ashike bisibisi.

"Na mimi nilikuwa pale pale nawamiminia kahawa," Shangazi akaendelea. "Mkaniuza kama kiti."

"Shangazi, hawa hawakujua," Bilionea akasema.

"Wewe ulijua. Karatasi ilikaa kwako wiki nzima."

Bilionea akaangalia yale magodoro kule juu.

"Nilijua," akasema. "Niliona nikikuambia utakataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana."

Nilimheshimu kwa jibu lile, ingawa halikumsaidia kitu. Shangazi akavuta kigoda chake akakaa.

"Haya, soma."

"Nisome nini?"

"Hiyo. Yote. Kwa sauti."

"Ni kurasa tisa, Shangazi."

"Kahawa ipo."

Akasoma. Ukurasa wa pili, mteja wangu akaja kufuata viatu, akavua na alivyovaa nivitazame soli, akakaa kusikiliza. Ukurasa wa nne, Komandoo alikuwa amelala macho wazi, ujuzi alioupata kazini. Ukurasa wa saba Bilionea akasoma: "Mpokeaji atalirejesha gemu jinsi lilivyokuwa siku ya mauzo, isipokuwa kitufe cha Nyanyuka, ambacho hakitarejeshwa kamwe."

"Rudia hapo," Shangazi akasema.

Akarudia.

"Kitufe gani hicho?" Mtandao akauliza. "Nililicheza gemu lile mpaka kidole kikaota sugu, sijakiona."

"Kilikuwa kidogo, chini kabisa ya skrini. Wengi hawakukiona."

"Kazi yake?"

"Mchezaji akikibonyeza anainuka kwenye benchi, anakwenda zake."

"Halafu?"

"Anashinda."

Komandoo akaamka. "Ngoja. Ushauri wangu mimi ulikuwa na kazi gani?"

"Kumchelewesha."

"Na wa Soli?"

"Vile vile. Wote wanne. Gemu lenyewe lilikuwa hilo."

Miaka yote ile ya kubishana. Kuna siku mimi na Komandoo tulinuniana wiki mbili kwa sababu ya swali la mtu aliyetaka kujua aoe au asubiri.

"Nao wakakitoa," Mtandao akasema.

"Siku ya kwanza tu. Walisema mtu akiondoka, matangazo atayaangalia nani? Na hata likirudi kwangu, matangazo yatakayopita humo bado ni yao."

Shangazi akanyoosha mkono, akapewa karatasi na kalamu. Akatafuta ule mstari, akaukata kwa wino, akarudia kuukata, kisha akasaini pembeni yake na akasaini tena chini.

"Shangazi, wakikataa je?" Bilionea akauliza. "Wanalizima Ijumaa. Halirudi tena."

"Walizime. Nyumba isiyo na mlango wa kutokea si nyumba, mwanangu, ni mahabusu, na mimi sura yangu siipeleki mahabusu. Safari hii nimeulizwa, na hilo ndilo jibu langu."

Bilionea akaukodolea macho ule mstari. Miaka sita ya mabango ya vinyozi ilikuwa inaning'inia pale. Kisha akachukua kalamu, akasaini kando ya saini ya Shangazi.

"Mashahidi," akasema.

Nikaipokea karatasi. Nikausoma mstari uliokatwa, neno kwa neno, nikiburuta kidole, maana shule niliiacha mapema na haikunifuata. Nilipomaliza nikasaini. Komandoo naye akasoma. Mara hii alisoma zaidi ya tarehe.

Bilionea akaichukua akaondoka mbio, hata hakuaga. Upande wake wa benchi ukainuka, mguu uliolegea ukaning'inia hewani. Shangazi akakusanya vikombe, akabeba birika.

"Mapema hivi?" Mtandao akamuuliza. "Hata saa tano haijafika."

"Mimi nimeshinda," akasema. "Nyinyi endeleeni kucheza."

Tukamtazama mpaka akakata kona.

"Kwa maoni yangu," Komandoo akasema, "kuondoka tu hakuwezi kuitwa kushinda."

Mtandao akasema inategemea. Mimi nikasema haitegemei. Ilipofika saa nane tulikuwa bado hatujaelewana, na mteja wangu alikuwa bado amekaa kati yetu, miguu peku, akitoa hoja.

Alhamisi karatasi ilirudi na muhuri wao, mstari ukiwa umekatwa vile vile. Bilionea anasema walikuwa na haraka, walitazama tu pale pa kusaini.