Ruhusa ya Watani

Jumatatu, 14 Julai

Zamda kaondoka asubuhi kwenda Kigwa. Mama yake kateleza kisimani, kavunjika mguu. Nyumba imepoa mno. Hata paka ananitazama kama mimi ndiye niliyemfukuza mke wangu.

Kaniachia kompyuta na neno la siri. Agizo moja tu: Ijumaa nibonyeze kitufe, barua yake iende. Kila Ijumaa huwaandikia wateja wa asali kwa barua pepe: nyuki wamehamia wapi, mizinga ya Ntalikwa imejaa au bado. Mwishoni huwauliza wameamkaje. Wanaopokea ni wale tu waliojiandikisha wenyewe. Nimewaangalia. Hawajazi hata ukumbi wa harusi! Na jirani yetu Nasri, muuza asali pia, kutwa anajitapa kwamba anajulikana mpaka Kigoma.

Akirudi Zamda atakuta nchi nzima inamsoma. Zawadi yangu hiyo.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata! Mpwa wangu Sadiki kaoa Dar es Salaam, kwa Wazaramo. Kamati ya harusi ilikuwa na anwani za ukoo mzima, pamoja na za chama chao cha maendeleo. Maelfu! Sadiki kauliza nazitakia nini. Nimesema mambo ya kheri.

Nilipoziingiza, kompyuta ikauliza kama watu hawa wamekubali kupokea barua zetu. Swali gani hilo? Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani wangu naweza kumchukulia kuku mchana kweupe, naye akacheka. Leo nimwombe ruhusa ya barua? Nimeweka alama ya ndiyo. Kwa niaba yao wote.

Jumatano, 16 Julai

Barua imekwenda. Kichwa chake kimeniumiza akili. "Asali ya Tabora" nani ataifungua? Nikaandika: TAARIFA YA MSIBA. Ndani nikaeleza kwamba marehemu ni sukari, kafa kwa kijicho baada ya kuonja asali ya Zamda, na watani waje kuzika na vibuyu vyao. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Nasri kauliza kutoka ng'ambo ya ukuta nacheka nini.

Alhamisi, 17 Julai

Sadiki kapiga simu alfajiri. Mama mkwe wake hakusoma zaidi ya kichwa. Kajifunga kanga, kakusanya rambirambi, kapanda basi la Tabora analia. Wengine wameiripoti barua yetu kuwa ni barua taka. Sadiki kaniomba niwe mtu mzima.

Mchana akaunti ya Zamda ikafungwa. Nikawaandikia wenye huduma, nikawaeleza utani kwa kirefu na kwa heshima. Kajibu dada mmoja, Ummy. Kasema naye ni Mzaramo, na kuku wake ningemchukua tu. Lakini sanduku la barua mtu hulifungua mwenyewe, hata kwa mtani. Watu wakilalamika, barua za wateja wao wengine wasio na kosa nazo huanza kutupwa. Na akaunti haifunguliwi mpaka mwenyewe aandike.

Mwenyewe! Yaani Zamda! Nifiche wapi uso wangu?

Nikafungua akaunti nyingine kwa jina la Nasri. Imefungwa kabla chai haijapoa.

Ijumaa, 18 Julai

Barua haikwenda. Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya dukani. Mama Pelagia wa Itetemia, mwalimu mstaafu. Anauliza kama Zamda anaumwa, maana barua haijafika na yeye kavaa miwani tangu asubuhi. Nimeusoma ujumbe ule tena na tena. Umenichoma.

Jioni mama mkwe wa Sadiki akafika na mkeka wake wa matanga. Hakuna maiti. Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kanitoza faini ya utani: jogoo wangu mwekundu. Kachinjwa, kaliwa, na mimi nimepewa shingo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeichapisha barua ya Zamda iliyobaki kwenye kompyuta, nikapanda baiskeli hadi Itetemia. Nikamwamkia Mama Pelagia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Kaniomba nimsomee mwenyewe, polepole. Nilipofika pale pa kuuliza ameamkaje, akajibu! Kwa sauti. Ameamka salama, goti tu linasumbua.

Kanieleza kwamba tangu mumewe afariki, anayemuuliza kaamkaje ni Zamda peke yake. Huwa anamwandikia, na Zamda humjibu kila mara. Sikujua. Nilidhani mke wangu anauza asali. Nimelia njiani, sioni haya kuliandika.

Jumapili, 20 Julai

Zamda karudi. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Kisha akamwandikia Ummy, akaahidi kuwafuta wote nilioongeza. Akaniambia kwamba wale wachache walimkaribisha wenyewe, ndiyo maana anawaandikia kama ndugu zake. Akauliza kama nimeelewa. Nimesema nimeelewa kabisa.

Halafu akaisoma ile taarifa ya msiba. Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka! Nampenda mwanamke huyu, jamani.

Jumamosi, 26 Julai

Zamda ana furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Akaunti imefunguliwa, barua ya jana imewafikia wote, na wiki hii wamejiandikisha watu wapya, kila mmoja kwa kukubali kwenye simu yake mwenyewe. Kanisomea majina yao jikoni, moja moja. Machozi yalimlenga. Kasema, ona Baba Tunu, hawa wamekuja wenyewe. Nikasema naam, mke wangu, wamekuja wenyewe.

Kwa kinyozi wa sokoni watu huacha simu kwenye chaji wakinyolewa. Nyingi hazina hata neno la siri, na kukubali ni kubonyeza mara moja tu. Kidole ni changu, sawa, lakini simu ni zao. Kesho nakwenda kwa kinyozi wa stesheni.