Televisheni ya Baba Aikande

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka kwa bisibisi yangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya Mjumbe wa Nyumba Kumi. Hamisi na Thomasi, barua hii someni wenyewe. Msiwasomee watu kijiweni hapo Masasi, nawaomba sana.

Aikande mnamjua, nimeshawaandikia habari zake. Ni binti wa yule mwenye duka wa Kichaga hapa Kariakoo. Mwezi ujao wajomba zangu wangekuja kumpelekea baba yake barua ya posa. Baba mwenyewe alikuwa bado hajanikubali. Kila nikipita dukani ananiuliza, "Hivi fundi redio wa Gerezani anakula nini, redio zote zikipona?" (Swali zuri. Hata mimi hujiuliza.) Na mimi nikimtazama kwenye duka lake, rafuni viberiti na chumvi tu, namwonea huruma. Huruma! Mimi!

Juzi kaka yake Aikande, baharia, ameshuka melini na deki ya video. Mpya kabisa. Na sebuleni kwao ipo televisheni ya siku nyingi, sanduku kubwa la mbao lenye miguu minne, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Sijawahi kuiona ikiwaka. Lakini huku Bara stesheni ya televisheni hatuna, nani angeshangaa? Baba Aikande akiulizwa husema, "Inangoja antena." Basi baharia, bila kumwuliza baba yake, akatangaza mtaa mzima: Jumapili baada ya kanisa, video kwetu, kanda ya ngumi! (Alikuwa baharini miezi kumi. Mambo ya nyumbani yalikuwa yamempita.) Akaniita mimi niunganishe.

Sasa sikilizeni shida ya kifundi. Deki ni ya kisasa, waya wake mnene wa mviringo, una ncha ya kuchomeka. Televisheni ni ya kizamani, nyuma ina skrubu mbili tu za kufungia waya bapa wa antena. Haviingiliani hata kidogo. Siku mbili nzima nimeshinda kibandani kwangu, mtaa wa Gerezani, nikiunga, nikiungua vidole, mpaka nikapata waya wenye mviringo upande huu na bapa upande ule, na maungio yake nimeyafungia ndani ya kopo la dawa ya viatu. Kazi safi! Nikajisemea, hapa mzee atanipa binti na chenji juu.

Saa nane nikafika. Sebule imejaa majirani. Mbele kabisa amekalishwa Mjumbe, Mzee Saidi. (Siku hizi za msako wa wanaoficha bidhaa, mjumbe humnyimi kiti cha mbele.)

"Shikamoo, Ndugu Mjumbe."

"Marahaba, fundi. Leo tutaona?"

"Mtaona mpaka jasho linavyowatoka mabondia!"

Baba Aikande akatokea chumbani. Akatuona. Akaiona bisibisi.

"Fundi, acha. Hiyo ni mbovu."

"Mbovu ndiyo kazi yangu, baba." (Nilimwita baba! Mbele za watu! Akanishika mkono wenye bisibisi, nikadhani nimemgusa moyo.)

Nikachomeka umeme. Giza. Hata chenga hakuna, zile nukta nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo. "Fyuzi hiyo," nikasema kwa sauti ya daktari. Aikande akapita na chai, chai isiyo na sukari, maana mji mzima imeadimika. Akainama kunipa kikombe, akanikanyaga mguu.

"Sema imeshindikana," akaninong'oneza.

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nakuambia."

Akanikanyaga tena, kwa nguvu. Mimi nikatabasamu, nikidhani ni mahaba.

"Fundi, njoo tule kwanza," Baba Aikande akasema.

"Kazi kwanza, baba!"

"Mwache kijana," Mjumbe akasema. "Ana moyo wa kujitolea."

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikaigeuza televisheni, mgongo ukaelekea kwa watu, ili wamwone fundi akifanya kazi. (Hakuna aliyeniomba.) Nikafungua skrubu moja ya kifuniko cha nyuma. Mbili. Tatu. Ya nne haikungoja, kifuniko kikaachia chenyewe.

Ukadondoka mche wa sabuni, puu! Ukafuata wa pili. Halafu dawa za meno, nyingi, moja baada ya nyingine. Halafu mfuko wa sukari ukalala ubavu, ukaanza kumwagika juu ya viatu vyangu. Ndani hamkuwa na waya hata mmoja. Kioo cha mbele kilikuwa kimetandikwa kitambaa cheusi kwa ndani. Jamani, ile haikuwa televisheni. Lilikuwa kabati!

Mimi nimeshika waya wangu wenye kopo, sina pa kuuchomeka. Mama Aikande ameziba mdomo kwa khanga. Mzee wa watu angeweza kulala ndani leo hii, na aliyempeleka huko ni mimi.

Mjumbe akainuka polepole. Akainama, akachovya kidole kwenye sukari, akakilamba. Akageukia watu.

"Ndugu zangu, televisheni hii ni mbovu."

"Mbovu kabisa, Ndugu Mjumbe," Baba Aikande akasema kwa sauti ndogo.

"Tumeona chenga tu."

"Chenga tu!" sebule nzima ikaitikia.

"Ila chenga zenyewe tamu," Mjumbe akasema, akanyoosha kikombe. "Mama, hebu niongeze chai."

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na kitu kwapani. Baba Aikande ndiye aliyegawa, kwa mkono wake, na kila akitoa mche ananitazama mimi. Hata baharia alipewa dawa ya meno anyamaze. Tulipobaki wenyewe akaniita.

"Fundi."

"Naam, baba."

"Usiniite baba."

Aikande akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Nilikukanyaga mara mbili," akasema.

"Nilidhani unanipenda."

"Nilikuwa nakupenda."

Sasa nimekaa kibandani Gerezani, viatu vinanata, sisimizi wananipanda. Nimelia, siwafichi. Waambieni wajomba wasipande basi. Nanyi tafadhali msinicheke. Jioni hii mtaa mzima unaoga kwa sabuni isipokuwa mimi, na ule waya wangu mpaka sasa hata sijui kama unafanya kazi.