Ng'ombe Hawahesabiwi

Jumatatu, 6 Februari 2023

Chumba kimepakwa rangi. Hatimaye! Chumba cha Afya ya Akili, mwisho wa korido, karibu na stoo. Kina dirisha, kufuli, birika la umeme na kiti kinachozunguka. Nimekikalia kidogo wakati hakuna mtu. Kinanitosha kabisa.

Matroni Evalyne amesema Ijumaa atachagua nesi mmoja wa kukisimamia. Tuko wawili tunaokitaka. Mimi, Bedan Mbugua, niliyesoma kozi ya afya ya akili kule Kajiado mjini na cheti changu nikakitia fremu. Na Sista Lorna, aliyesoma kozi hiyo hiyo lakini cheti chake sijui kama hata anajua kiko wapi. Lorna huongea na wagonjwa polepole kama mtu asiye na kazi nyingine. Foleni yake haisongi. Yangu inakwenda mbio.

Mpango: wiki hii nipate kesi moja kubwa. Moja tu! Kitengela nzima ijue.

Jumanne, 7 Februari

Nimepata kesi! Mzee Lemein, mfugaji kutoka upande wa Isinya. Ameletwa na binti yake Resian, anayeuza nguo pale Noonkopir. Resian akasema baba yake halali, hali chakula, na maneno yamemwisha. Nikamwambia angoje nje. Mtaalamu hufanya kazi bila kelele.

Mzee akanisalimia kwa Kimaasai, sopa. Nikajibu sopa. Akanitazama akingoja nijibu vizuri. Nikaingia kwa maswali.

Leo ni tarehe ngapi? Akatazama dirishani, akasema ni kiangazi. Je, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Akasema anasikia yangu, ila hajui inataka nini. Ana watoto wangapi? Kimya. Ana ng'ombe wangapi? Kimya kirefu, macho kwa viatu. Ebu fikiria, mfugaji asiyejua idadi ya ng'ombe wake! Nikaandika: kumbukumbu zimepotea.

Swali la mwisho nililiruka, lile la kama mtu amewahi kuwaza kufa. Kozini walisisitiza tuliulize waziwazi, kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Sawa. Lakini mimi nililelewa. Utamuulizaje mzee wa rika la babu yako kama anataka kufa? Isitoshe, chai ilikuwa imefika.

Nikamtangazia Matroni matokeo mbele ya kila mtu. Resian alikuwa mlangoni. Haki, msichana ana ulimi! Akasema kwao ng'ombe hawahesabiwi, na watoto pia hawahesabiwi, ni kujiitia balaa, na mtu mwenye adabu haulizi. Kumbe hata Matroni alijua. Lorna akaniuliza kwani kwetu watoto huhesabiwa. Nikamkumbuka cucu, nyanya yangu, ambaye akihesabu watoto akafika wa kumi hasemi kumi, anasema tisa iliyojaa. Matroni ameniagiza nimpime mzee upya kesho.

Jumatano, 8 Februari

Leo nimekuja nimejiandaa. Jana jioni yote nilikuwa kwa simu nikisoma mila. Mzee aliposema sopa, nikajibu IPA, jibu lake lenyewe, mpaka watu wa korido wakageuka.

Mpango mpya: kila kitu ni mila. Mzee haongei? Wazee huwa hawana maneno mengi. Haniangalii usoni? Heshima. Hali? Mbona wafugaji wote ni wembamba. Halali? Mtu wa mifugo atalalaje fofofo na kuna fisi? Habari ya ng'ombe sikuuliza ng'o! Swali la mwisho nikaliruka tena, kwa adabu ile ile. Nikaandika: akili timamu, aende nyumbani.

Na sasa ndio utamu. Mzee alipoinuka akanipa fimbo yake. Nyeusi, imelainika pale mkono unaposhika. Akasema aliachiwa na baba yake, na yeye sasa hana cha kuchunga nayo. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki. Mimi! Miaka yote hii kazini, wagonjwa wamenipa malalamiko tu. Nikatembea na fimbo wodini, kwenda na kurudi.

Lorna akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia wivu hauna dawa hapa hospitalini. Akauliza mzee alisema nini hasa akinipa. Nikamweleza neno kwa neno, nikijisikia vizuri sana. Akatoka mbio, mkoba mkononi, bila kwaheri. Kuna watu hawajui kushindwa. Chai yake nikainywa.

Alhamisi, 9 Februari

Mambo ni mabaya. Lorna alikimbia mpaka dukani kwa Resian. Mzee alikuwa tayari ameondoka kwenda kwake, wakamfuata. Walimkuta peke yake. Shuka yake nzuri alikuwa amempa jirani, kikebe chake cha ugoro amempa mpwa wake, na watu wote wa boma amewatuma mbali, huyu huku, yule kule.

Lorna akaketi naye chini. Hakuuliza ng'ombe ni wangapi. Aliuliza ng'ombe wako hali gani. Mzee akalia. Ukame umewamaliza wote. Hakuna hata mmoja wa kukataa kuhesabu. Ndipo Lorna akamuuliza waziwazi kama anawaza kufa. Akasema ndiyo, ilikuwa iwe siku hiyo. Akasema alikuja hospitalini mara mbili akingoja mtu amuulize.

Hawakumwacha hata dakika moja. Asubuhi wamemleta, daktari wa akili amemwona, amelazwa, Resian yuko kando ya kitanda.

Nimekaa stoo kwa muda. Ningekuwa nimemrudisha mtu nyumbani akafe, tena na fimbo yake nimebaki nayo. Niliogopa. Niliogopa kabisa.

Halafu nikafikiri vizuri. Fimbo alipewa nani? Mimi. Nisingeipokea, Lorna angejulia wapi? Kwa hivyo, ukiangalia kwa makini, aliyemwokoa mzee ni mimi. Nikaenda kumweleza Matroni hivyo. Akavua miwani, akanitazama sana, akaniuliza kama huwa ninalala vizuri.

Ijumaa, 10 Februari

Lorna amepewa chumba. Na birika. Na kiti. Watu wamepiga makofi, nami nikapiga, lakini polepole. Mimi nimepelekwa chumba cha kufunga vidonda mpaka nitakapoambiwa vingine.

Si kitu. Somo nimelishika kwa mikono miwili: anayegawa vitu vyake ana jambo. Halitanipita tena, wallahi! Leo Nick, mlinzi wa getini, alinikatia nusu ya mandazi yake. Nikaketi naye, nikamuuliza waziwazi kama anawaza kufa. Akairudisha nusu ile mfukoni.

Jumatatu, 20 Februari

Nilijua! Nimemwona Matroni Evalyne akimpa mama wa usafi mwavuli wake. Baadaye flaski yake akampa Lorna. Saa ya chai akaniletea kalenda yake ya ukutani, akasema yeye haihitaji tena.

Haihitaji tena! Nywele zilinisimama. Safari hii sikukosea hata hatua moja. Nikamketisha, nikamweka Nick mlangoni asitoke mtu, nikamwita Lorna awe shahidi, kisha nikamuuliza Matroni waziwazi, kwa sauti ya kusikika. Lorna akaziba mdomo na kitambaa. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Nilidhani ni kilio.

Matroni amehamishwa. Anaenda kituo cha afya kule Rombo, mpakani, na mizigo imekuwa mingi. Tangazo lilibandikwa ubaoni tangu wiki jana. Mimi ubao ule huwa siusomi, kwa sababu jina langu huwa halipo.

Lakini ngoja kwanza. Matroni akienda Rombo, kiti chake kinabaki na nani? Ni kikubwa kuliko kile cha Lorna. Kina mahali pa kuegemeza mikono!

Alhamisi, 2 Machi

Mzee Lemein alikuja kliniki leo kumwona Lorna. Amepata mwili kidogo. Anameza dawa, Resian amemnunulia mbuzi, hakusema wangapi. Siku nyingine bado ni nzito, amesema, lakini akizidiwa sasa humwambia mtu. Alipomalizana na Lorna akapitia kwangu, kwa sababu ya fimbo.

Hapo kulikuwa na shida. Intavyu ya umatroni ni wiki ijayo, na nimeona mtu akishika fimbo watu humsikiliza. Nikamsihi aniazime mpaka intavyu ipite.

Mzee alivuta stuli, akaketi karibu nami. Akaniuliza kama ninalala. Nikasema kiasi, nawaza kiti. Akauliza kama ninakula. Nikasema nikikumbuka. Akauliza mama yangu yuko hali gani. Nikasema sijampigia simu tangu Krismasi, niko na mambo mengi. Kisha akaniuliza, polepole, waziwazi, kama kuna jambo linalonilemea moyoni. Nikamweleza yote, chumba, birika, makofi ya Lorna, kiti chenye mahali pa mikono. Ilichukua muda. Foleni ya vidonda ilifika hadi nje. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akaniwekea mkono kichwani, akasema nirudi kuongea naye wakati wowote. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda.

Nimeandika kwa faili yake: anaendelea vizuri, lakini bado amechanganyikiwa kidogo. Anadhani yeye ndiye nesi.